Wanaokufa Hawana Asilimia

Kijana mmoja niliyemfundisha kushika sindano, ambaye leo ndiye muuguzi msimamizi wa kituo kimoja upande wa Bendera, alinitumia kwa simu picha za mpango wa mwaka wa eneo lake la afya. Alitaka nimkagulie hesabu kabla hazijapelekwa kwenye ofisi ya zoni ya afya. Mimi nimestaafu, nakaa Kalemie mjini, na kazi ya namna hiyo bado inanipendeza. Hesabu zilikuwa sawa. Unachukua jumla ya watu wa eneo, asilimia 4 unawaweka kuwa wajawazito, karibu kiasi hicho watoto ambao hawajatimiza mwaka, moja ya tano hivi watoto wa chini ya miaka mitano. Humo ndimo zinamotoka chanjo, vyandarua, vidonge vya kuongeza damu, hata idadi ya mabomba ya sindano. Nikampigia nikamuuliza: na wale watakaofariki mwaka huo, umewaweka safu gani? Akacheka kwanza. "Papa," akasema, "wenye kufa hawana asilimia."

Alisema kweli. Na katika nchi yetu ya Kongo kitu kisicho na asilimia hakina katoni kwenye depo ya dawa. Tangu siku ile yamenirudia mambo niliyoyaona Bendera kabla ya kazi na wakati wa kazi, nami nayaandika kwa sababu naona yote yanahusu safu ile isiyokuwepo.

La kwanza ni la mwaka 1984, nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Nchi iliitwa Zaire, mkoa wetu uliitwa Shaba, na mwezi wa saba serikali ikahesabu watu. Walimu wetu ndio waliopita nyumba kwa nyumba na makaratasi. Baba alikuwa kibarua kwenye mtambo wa umeme wa Kyimbi, ule ambao nyaya zake zinapita juu ya vijiji kwenda kuiwashia Kalemie taa tangu enzi za Wabelgiji. Alimkaribisha mwalimu vizuri, akamletea kiti, akataja majina ya wote: mama, sisi watoto, shangazi aliyekuwa mgeni, hata mdogo wake aliyekuwa Moba kwa biashara ya samaki. Bibi, aliyekuwa amelala chumba cha nyuma na tumbo lililovimba, hakumtaja. Mwalimu alipoondoka mama akamuuliza mbona. Baba akajibu kwamba mtu anayeondoka haandikwi.

Watu wa umri wake walikuwa na sababu zao. Walikumbuka kwamba kila mara mzungu alipohesabu vichwa, nyuma yake ilikuja kodi ya kichwa au shamba la pamba la lazima. Lakini kwa bibi hakukuwa na kodi ya kukwepa. Nadhani baba aliona haya kumtoa mama yake mbele ya kalamu katika hali ile. Bibi alifariki kabla ya mvua kuanza. Sensa ile ilihesabu watu karibu milioni 30, na mpaka leo ndiyo sensa ya mwisho iliyokamilika Kongo. Hesabu nyingi zinazotembea kwenye ofisi zetu ni wajukuu wake: kila mwaka huongezwa asilimia 3 hivi juu ya mwaka uliotangulia, na mwaka unaofuata vilevile. Aliyelala chumba cha nyuma hayumo katika mzizi, basi hata matawi hayamjui.

Baba huyohuyo ndiye aliyenisimulia vita vya 1965. Bendera inatajwa katika vitabu vya dunia kwa asubuhi moja, ya tarehe 29 Juni 1965, wapiganaji wa Che Guevara waliposhambulia kambi iliyolinda mtambo wa umeme wakashindwa. Wakuba wanne walikufa, na shajara iliyookotwa kwenye maiti mmojawapo ndiyo iliyowafunulia maadui kwamba Wakuba wako Kongo. Wale wanne wanajulikana kwa majina. Wanyarwanda waliokufa ubavuni mwao hutajwa kwa jumla. Wanavijiji waliokimbilia mlimani na wagonjwa wao mgongoni, sijaona kitabu kinachowataja hata kwa jumla. Baba hakulalamika kuhusu hilo. Alilisimulia kama mtu anavyosimulia mvua.

Nikasoma uuguzi Kalemie. Tulifundishwa kuchora mstari wa uchungu wa uzazi saa kwa saa: mlango umefunguka kiasi gani, mtoto ameshuka wapi, lini umwite daktari. Kuhusu namna mtu anavyoondoka hatukuchora mstari wowote. Kifo kilikuwa kosa la daktari, umasikini wa familia au mapenzi ya Mungu, na kwa yote matatu muuguzi hakuwa na fomu.

Nilipopangiwa Bendera, mmoja wa wagonjwa wangu wa mwanzo alikuwa mama wa watoto wengi aliyebebwa kwa kipoyi kutoka kijiji cha mlimani. Kansa ya mlango wa kizazi, na ilikwisha kwenda mbali. Nilimpa barua ya kwenda hospitali moja ya mjini. Huko walikaa mpaka pesa ya mbuzi waliowauza ikaisha, kisha usiku mmoja wanaume wa ukoo wakambeba wakamrudisha kwao. Katika daftari la hospitali, mbele ya jina lake, waliandika kwamba ametoroka. Nililiona daftari hilo kwa macho yangu nilipokwenda kuchukua dawa. Ukurasa uleule ulikuwa na watoro wengine kadhaa: mzee mwenye ini, msichana mwenye kifua kikuu kisichosikia dawa, mtu wa miguu iliyooza kwa sukari. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na nguvu ya kutoroka.

Yule mama nilimfuata kwake. Nilikuwa na parasetamoli, pamba na maji ya jiki. Harufu ilikuwa imewafukuza majirani, na aliyekuwa akimsafisha ni binti yake wa kama miaka kumi na miwili, ambaye shule alikwisha kuiacha. Mama aliniuliza swali moja tu: "Docta, hii maumivu inamalizika mbele yangu ao nyuma yangu?" Yaani je, yataisha yeye angali hai? Nilimjibu kwamba tutajaribu. Alipofariki, ripoti yangu ya mwezi haikuwa na mahali pa kumweka. Hakufia kituoni. Kwa hospitali alikuwa mtoro, kwangu hakuwa kitu.

Ndipo nilipoanza kuelewa mtego wenyewe. Watu hawa hawafiki kituoni kwa kuwa hatuna cha kuwapa, nasi hatuna cha kuwapa kwa kuwa hawafiki kituoni tukawahesabu. Kila upande unangoja mwenzake aanze.

Vita vya 1998 vikaja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona vifo vya watu wetu vikihesabiwa kwa bidii. Shirika la International Rescue Committee lilituma timu zake mashariki kuuliza nyumba kwa nyumba nani amekufa na kwa nini. Katika utafiti wake wa mwisho likatangaza kwamba kuanzia Agosti 1998 hadi Aprili 2007 walikufa watu milioni 5.4 zaidi ya wale ambao wangekufa kama kungekuwa na amani. Wengi hawakufa kwa risasi. Malaria, kuhara, kifua na njaa ndivyo vilivyowamaliza. Mwaka 2010 watafiti wa Canada wakapinga, na hoja yao kubwa mojawapo ilinishangaza: walisema kiwango cha vifo vya kawaida kilichotumika kulinganisha, watu 1.5 kwa kila 1,000 kwa mwezi, kilikuwa cha chini mno kwa nchi kama yetu. Ukikipandisha kidogo, mamilioni yanayeyuka. Wataalamu walibishana juu ya kiasi gani cha kifo ni cha kawaida Kongo, na hakuna aliyeweza kufungua daftari la nchi akawaonyesha, kwa kuwa daftari halipo. Nilisikiliza mabishano hayo redioni nikamkumbuka bibi.

Tena timu zile ziliuliza nani na lini na kwa ugonjwa gani. Alilala muda gani, alilia usiku, nani alimgeuza, hayo hayakuwa kazi yao, wala siwalaumu. Lakini ndiyo yanayomhusu muuguzi.

Nafasi yangu ya kuuliza hayo ilipatikana kwa mlango wa vyandarua. Kabla ya kampeni ya kugawa vyandarua, reko, wale watu wa kujitolea wa kila kijiji, hupita kila nyumba kuhesabu wanaolala humo. Kazi tayari ilikuwa ikifanyika, na daftari lilikuwa mkononi. Niliwaomba waongeze maswali mawili tu mwishoni: humu ndani kuna mtu ambaye hawezi kuamka mwenyewe? Na tangu mvua zilizopita, mmezika nani? Reko wa kiume waliniletea karatasi tupu. Mama mmoja, muuza mafuta ya mawese anayejulikana kila ua, aliniletea kurasa zilizojaa pande zote. Nilipomuuliza siri yake alisema haulizi mlangoni. Huketi jikoni, husaidia kuchambua sombe, na mambo hujisema.

Katika kurasa zake kulikuwa na Bendera nyingine. Wazee waliopooza upande mmoja kwa presha. Wanawake wenye vidonda vya matiti vilivyofungwa kwa kitenge. Wagonjwa wa UKIMWI waliochoka kusafiri kufuata dawa. Na watoto wa ugonjwa wa SS, yaani selimundu, ambao maumivu yao ya mifupa huwafanya majirani waseme wamerogwa. Hao hawakunijia akilini kabisa nilipotunga swali. Nilikuwa nimefikiria wazee peke yao. Jambo jingine lilionekana pale tulipoweka majina kijiji kwa kijiji: karibu na barabara walikuwa wachache, kadiri unavyopanda mlimani waliongezeka, na kwenye makambi ya Watwa, ambako reko hakuwahi kufika kwa vyandarua, hatukuwa na jina hata moja. Sifuri ile haikumaanisha kwamba Watwa hawafi.

Tulifanya nini na kurasa hizo? Mambo madogo. Siku ya chanjo ya kijiji, muuguzi alipanda na dawa za mtu aliyelala pamoja na sanduku la chanjo, pikipiki ikiwa ileile. Likelemba, kikundi cha akiba cha akina mama, ikakubali kununua mipira ya kutandika kitandani na sabuni. Katekista na shehe walipewa orodha fupi, kila mmoja ya watu wake, nao wakaenda hata bila kusukumwa. Binti mmoja alirudi shule asubuhi kwa kuwa shangazi wawili walipangiwa zamu. Haya hayakuhitaji daktari wala mfadhili. Yalihitaji kujua ni nani na yuko wapi.

Hesabu yenyewe si ya kutisha, na hapa naomba msomaji anivumilie. Umoja wa Mataifa hukadiria kwamba Kongo hufa watu karibu 9 kwa mwaka katika kila 1,000. Eneo la afya lenye watu 10,000 basi litazika watu 90 hivi. Wengine huenda ghafla, kwa ajali, kwa uzazi, kwa malaria ya siku tatu. Tuseme theluthi moja ndio watakaolala muda mrefu: watu 30. Tuseme kila mmoja ana miezi mitatu migumu. Basi siku yoyote utakayoamka, katika eneo zima kuna watu saba au wanane wanaohitaji mkono wako. Saba au wanane! Muuguzi mwenye baiskeli anaweza kuwazungukia wote ndani ya wiki moja. Nilipoifanya hesabu hiyo nyuma ya bahasha nilikasirika, maana miaka yote tulikuwa tunasema tatizo ni kubwa mno kwetu.

Kisha ikaja 2016 na 2017, Waluba na Watwa wakachomeana vijiji, na mkoa wa Tanganyika, ambao ulikuwa umezaliwa tu mwaka 2015, ukawa na wakimbizi wa ndani zaidi ya nusu milioni. Hesabu zetu zilikufa siku moja. Kijiji cha watu mia tano kikawa na elfu tatu, kingine kikabaki na mbwa. Nilifanya kazi kwa muda katika kambi moja karibu na mji. Huko kila kitu kilikuwa jetoni: jina kwenye orodha, jetoni mkononi, kikombe cha mafuta. Alikuwepo mzee aliyekuwa anakata roho polepole chini ya turubai, na ombi lake lilikuwa arudishwe akazikwe karibu na miti yake ya mawese, jambo ambalo barabara haikuruhusu. Alifia pale. Familia ilimzika usiku bila kilio. Mchana jina lake liliitwa kwenye mgao, mjukuu wake akajibu.

Sikuwasema, na ningerudi leo nisingewasema. Lakini nilijifunza kwamba takwimu ya kifo haitoki kwenye kifo. Inatoka kwenye kile ambacho walio hai watapata au watapoteza wakikitaja. Baba mwaka 1984 hakuona faida ya kumtaja mama yake. Wale wa kambini waliona hasara. Anayetaka kujua idadi ya kweli ya watu wanaoondoka lazima kwanza afanye kutajwa kwao kuwe na manufaa, hata kama ni kipande cha sabuni. Mwaka 2025 watu wa Kivu Kusini waliokimbia vita walipoanza kushuka kutoka kwenye boti hapa Kalemie, nilitazama meza za kuandikisha nikajua ni majina gani hayatasemwa.

Wapo waliokwisha kuthibitisha kwamba daftari la kijiji linaweza kugeuza bajeti. Tanzania, katika Rufiji na Morogoro Vijijini, mpango ulioitwa TEHIP katika miaka ya tisini ulitumia hesabu za nyumba kwa nyumba, pamoja na kuwauliza wafiwa marehemu aliuguaje. Morogoro waligundua kwamba malaria ilikula asilimia 30 hivi ya miaka ya uhai iliyopotea huku ikipewa asilimia 5 tu ya fedha za afya. Wakazihamisha fedha. Na Uganda, tangu daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa mwaka 1993, morfini ya kunywa hukorogwa kwa unga na maji, na kanuni ya mwaka 2004 ikawaruhusu wauguzi waliofundishwa waiandike wenyewe, bila kungoja daktari. Wauguzi! Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilimfikiria yule mama wa mlimani na parasetamoli yangu.

Lakini morfini nayo ina safu yake. Kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961, kila nchi hupeleka kila mwaka makadirio ya mahitaji yake kwenye bodi ya kimataifa inayosimamia dawa hizo, na haiwezi kuagiza zaidi ya makadirio. Nchi isiyojua wagonjwa wake hukadiria kwa kutazama ilichotumia mwaka jana. Mwaka jana haikutumia karibu chochote, basi huomba karibu na sifuri, na hupewa ilichoomba. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2017 ilipiga hesabu: katika tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zote pamoja zilipata tani 0.1. Watu husema mabeberu wametunyima. Kwa sehemu ni kweli, lakini sehemu nyingine imo katika fomu tunayoijaza wenyewe. Wataalamu hukadiria gramu 6 hivi za morfini kwa mgonjwa mmoja wa kansa katika miezi yake mitatu ya mwisho. Katika watu wetu 30, tuseme 10 wana maumivu ya kiwango hicho. Gramu 60. Unga huo unaenea kwenye kikombe kimoja cha chai, kwa mwaka mzima, kwa watu 10,000.

Kijana wangu aliposikia habari ya kikombe alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza lililo la busara kuliko yangu yote: orodha itakaa wapi? Bendera si mahali pa kuacha majina yakizagaa. Daftari linaloonyesha nani ana UKIMWI, nani ni Mtwa, nyumba gani ina mzee asiyeweza kukimbia, usiku wa vita ni silaha. Tulikubaliana majina yabaki kwa reko wa kijiji na kwa muuguzi, na kwenda juu ziende namba peke yake: wangapi, umri gani, ugonjwa gani, mwendo wa saa ngapi kutoka barabarani.

Ikabaki kumshawishi yule mama muuza mawese, ambaye sasa ana nywele nyeupe na bado anatembea. Kijana alimpa simu niongee naye. Alinisalimu, akauliza habari za wajukuu, kisha akasema hawezi tena kuingia jikoni kwa watu kuhesabu wenye maumivu akitoka mikono mitupu, kwa sababu wanamngoja arudi. Anataka viatu vya mvua, reko wa pili wa kupanda naye kwa Watwa, mmoja wao wenyewe, na kwamba kila atakayemwandika aonwe na muuguzi ndani ya wiki ile. Nilimwuliza kijana kama ataweza. Akasema viatu atavipata, reko Mtwa anamjua mmoja, na tramadoli, dawa ya maumivu iliyopo kituoni, inatosha kuanzia vijiji vitatu.